Alama Nyekundu

Jicho hupenda kuongozwa. Waandishi wa kale, Uarabuni na Ulaya, walilijua jambo hili. Wakachovya kalamu katika wino mwekundu walipotaka msomaji asipite mahali bila ya kupaona. Siku hizi wino huo umo katika kioo cha kompyuta. Mtu aitumaye kompyuta kwa amri za maandishi matupu hujibiwa kwa mistari mingi kama mvua ya masika, naye hutafuta humo tone moja.

Programu mashuhuri ya kazi hii ni grep, aliyoiandika Ken Thompson wa Bell Labs katika Marekani, ikatolewa mwaka 1973. Baadaye grep ya mradi wa GNU ilipewa uwezo wa kutia rangi neno lililopatikana, na rangi yake ya kawaida ni nyekundu iliyokoza. Ni mtumishi hodari asiye na elimu. Hujua herufi, hajui cheo cha mahali zilipoandikwa.

Karani kijana wa chuo kimoja alijifunza tofauti hiyo kwa hasara ya mtu mwingine. Orodha ya wanafunzi ilikuwa imeandikwa kwa utaratibu wa JSON, mwanafunzi mmoja kwa mstari mmoja, na kila habari ina lakabu yake: "jina", "baba", "namba". Aliagizwa amwondoe Juma aliyehama. Akatafuta Juma, na wekundu ukang'aa katika mistari miwili kwa ukali uleule. Katika mmoja Juma alikuwa mwanafunzi; katika wa pili alikuwa baba wa mwanafunzi. Jicho la karani lilitua juu ya wekundu wa kwanza likatosheka, wala halikurudi nyuma hatua moja kusoma lakabu. Akaufuta mstari wa mwana wa Juma. Kijana huyo alifika katika chumba cha mtihani akakuta hana jina. Alirudishiwa baada ya siku tatu, mtihani umekwisha pita. Programu haikusema uongo: neno lilikuwapo.

Iko programu nyingine, jq, aliyoitoa Stephen Dolan mwaka 2012. Hii ina elimu ya mpango. Ikiulizwa ni nani ambaye "jina" lake ni Juma, haimchanganyi mwana na baba. Lakini rangi zake hufuata aina ya kitu, si kitu kilichotafutwa: maneno yote huvaa rangi moja, kama umati wa Idi wenye kanzu nyeupe. Na mtu akiilazimisha kutia rangi, kisha akayapitisha majibu yake kwa grep, alama za siri za rangi hujipenyeza kati ya lakabu na jina, na grep ikitafuta vyote viwili pamoja hupita bila ya kuona kitu.

Karani alipata hila. Huiamuru grep -E itafute '"jina":"Juma"|$'. Kila mstari una mwisho, kwa hiyo mistari yote hupita, na wekundu humwangukia Juma aliye mwanafunzi peke yake. Hila hii ni dhaifu, kwani JSON huruhusu nafasi baada ya nukta mbili, na nafasi moja tu huivunja. Kwa hiyo huchagua kwanza kwa jq, ndipo hutia rangi. Na kabla ya kufuta huusoma mstari tangu mwanzo, kidole juu ya kioo.