Dhiraa Saba

Mwaka juzi alifariki jirani yangu hapa Dar es Salaam, mzee aliyekuwa akinigongea mlango kila alfajiri twende msikitini. Tulipotoka na jeneza lake, tulikwama uchochoroni. Kona haikupitika. Ikabidi vijana wapande ukutani, tuwapokeze jeneza juu kwa juu, huku wanawe wakitazama.

Ukuta ule ni wangu. Nilipoujenga nilisogea mbele hatua moja, kama walivyosogea wenzangu. Mzee alisimama akaniuliza, "Baba Abdi, na jeneza langu litapita?" Nilicheka, nikidhani anatania.

Imepokewa kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alihukumu watu wakihitilafiana juu ya njia, upana wake uwe dhiraa saba. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Saba ni mita tatu na ushei. Uchochoro wetu haufiki hata tatu.

Jiji letu lilihesabiwa watu zaidi ya milioni tano katika sensa ya 2022. Tangu 2016 lina mabasi yaendayo haraka, na tunashukuru. Lakini kutoka kituoni hadi mlangoni mwa mgonjwa, au mama anayeshikwa na uchungu usiku, njia ni ile tuliyoibana wenyewe.

Mimi ni mtu wa Kisiwani, wilayani Same, chini ya milima ya Upare, mkabala na mbuga ya Mkomazi. Wazee wa Upare walichimba ndiva, mabwawa ya kukusanya maji usiku ili mchana yafunguliwe mashambani kwa zamu. Mfereji ulipita katika shamba la huyu ukamnywesha yule wa chini, na siku ya kuuzibua watu walitoka kwa msaragambo. Sisemi hapakuwa na ugomvi. Zamu za maji zimegombanisha hata ndugu wa tumbo moja. Ila sikusikia mtu akidai kwamba mfereji ni wake kwa kuwa unapita kwake.

Sasa barabara ya Same–Kisiwani–Mkomazi imekuwa ikijengwa kwa lami kipande kwa kipande, na mashamba ya kando yake yanakatwa viwanja. La marehemu baba ni mojawapo. Idi iliyopita tulikaa kugawa mirathi, nami nikashauri tutenge kwanza njia ya dhiraa saba katikati, ndipo tugawane kilichobaki.

Mdogo wangu alikataa. "Kaka, hapa hata bajaji haifiki. Njia ya nani hiyo?" Nikamjibu kuwa mji haumsubiri mtu, ukifika na kuta zimekwisha simama, hakuna atakayekubali kubomoa.

Dada yetu, ambaye fungu lake ndilo dogo, na kila dhiraa kwake ina uzito, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nakubali. Lakini, kaka, ule ukuta wako wa Dar umeuvunja?"

Sikuwa na jibu. Mdogo wangu akainamisha kichwa kuficha kicheko.

Niliporudi nilimwita fundi. Amepima, amenitajia bei, na mchanga umemwagwa tangu Jumatatu. Jirani wa upande wa pili ameuliza ninafanya nini. Nimemwambia, bado hajanijibu.