Maji katika mapafu: dawa hii si ya kujipimia

Wewe ambaye bwana yako ao mutoto wako anashuka mu mugodi, soma maneno haya pole pole.

Kuna ajali inayoonekana palepale: jiwe linaanguka, damu inatoka, watu wanapiga kelele. Lakini kuna ingine inayorudi nyumbani kwa miguu yake, inakula bukari, inalala. Ni ajali ya moshi wa baruti. Kisha kupasua mawe, kunabaki hewa mbaya inayoitwa dioksidi ya azoti. Haichomi sana pua na koo, njo maana mutu anaivuta bila kukimbia. Inafika chini kabisa, katika vifuko vidogo vya mapafu. Kuta zake zinaumia, maji ya damu yanapenya, yanajaa pahali pa hewa. Maumivu makubwa yanaweza kuchelewa saa 3 mpaka saa 30.

Ni vile ilimupata shemeji yangu. Mukubwa wao wa kazi aliwarudisha ndani mbele moshi haujaisha. Mangaribi aliniambia: «Yaya, niko muzima tu, ni kikohozi kidogo.» Usiku wa manane hakuweza tena kulala chali, alikaa, midomo ikageuka rangi. Jirani mumoja akaleta vidonge vya deksametazoni, vile vinavyouzwa kwa wale wanaotafuta kunenepa. Bwana yangu akakataa, tukamupeleka hospitali.

Kule walianza na oksijeni. Kisha munganga akamupiga sindano ya dawa ya jamaa ileile ya vile vidonge! Nikamuuliza: «Munganga, sasa jirani alisema kweli?» Akajibu: «Mama, kisu ni kimoja, lakini mukono si mumoja.»

Dawa hizo zinaitwa kortikoide. Zinafanana na kitu ambacho mwili wenyewe unatengeneza katika tezi zilizo juu ya figo. Hazikaushi maji kama jua linavyokausha nguo. Zinatuliza ule uvimbe wa mwili unaozidisha kidonda. Lakini zinatuliza pia askari wa mwili wanaopigana na mikrobi. Kama mutu ana kifua kikuu kilichojificha, na kwetu vumbi la mawe linakiita sana, kinaweza kuamuka. Sukari ya damu inapanda. Na mwenye kuzimeza siku nyingi akiziacha mara moja, mwili unaweza kuanguka.

Wanganga wenyewe walibishana miaka mingi. Mwaka 1967, wanganga wa Denver, Marekani, waliandika juu ya wagonjwa 12 ambao mapafu yao yalijaa maji kisha ajali na magonjwa mbalimbali. Mwaka 2006, uchunguzi wa Marekani juu ya wagonjwa 180 ulionyesha kwamba wale walioanza kortikoide kisha siku 14 walikufa zaidi. Mwaka 2020, wakati wa KOVIDI, Uingereza walijaribu deksametazoni, miligramu 6 kwa siku, mpaka siku 10. Kwa wagonjwa waliopumua kwa mashine, vifo vilipunguka karibu sehemu moja ya tatu. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni, haikusaidia kitu. Unaona? Dawa ni ileile; wakati na kipimo njo vinaamua. Na ule uchunguzi wa 2020 haukuwa wa moshi wa baruti. Kwa moshi, munganga anapima mugonjwa kwa mugonjwa.

Basi, mama, baba, mushike haya. Mutu aliyevuta moshi mu mugodi, hata akisema yuko muzima, apelekwe kuangaliwa siku ileile, asilale peke yake. Asifanye kazi ya nguvu. Akikosa pumzi, mumukalishe, musimulaze chali, mukimbilie pahali penye oksijeni. Mumuambie munganga kama aliisha kuugua kifua kikuu ao sukari. Vidonge vya jirani vibaki kwa jirani.

Akipona, musifunge habari. Kisha majuma 2 mpaka 6, pumzi inaweza kukatika tena, kwa sababu njia ndogo za hewa zinafanya makovu na kuziba. Shemeji alirudi kupimwa kila juma, hata aliposema anachoka na safari. Leo anapanda kilima cha shamba lake, lakini anapumzika mara mbili njiani.

Na ninyi mulio wakubwa wa kazi: muache moshi uishe kwanza. Shaba inaweza kungojea saa moja.