Betri Chini ya Kiti cha Watoto

Nyumbani kwetu Bariadi kuna gari ambalo mama yangu hakulipanda kwa zaidi ya miaka 25. Alipokuwa na safari ya Mwanza alipanda basi. Alipokwenda sokoni alitembea kwa miguu, na baba alipopiga honi uani ili kumharakisha, alijibiwa kutoka jikoni kwamba atangulie, wenzake watafuata. Mgomo huo haukutokana na ugomvi wa fedha wala wa ukoo. Ulitokana na betri.

Gari lenyewe ni MGB GT la mwaka 1966, la Kiingereza, la milango miwili, lenye boneti ndefu na kisogo kilichoinama. Baba, aliyekuwa bwana shamba wa pamba, alilinunua mwaka 1979 kwa mtaalamu wa maji aliyekuwa akirejea kwao. Bwana shamba mwenye busara angelinunua Land Rover. Lakini baba alikuwa amekata katika gazeti picha ya Datsun 240Z iliyompatia Shekhar Mehta ushindi wa mbio za Safari mwaka 1973, akaibandika ukutani juu ya meza yake, na mtu aliyebandika picha ya namna hiyo huwa amekwisha kuamua mambo mengi moyoni.

Mimi na ndugu yangu tulizaliwa mwaka 1992. Sisi ni pacha, na Usukumani pacha hawawasumbui wazazi kwa kutafutiwa majina: wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto. Mimi ni Doto. Kiti cha nyuma cha MGB GT ni kifupi mno, hakimfai mtu mzima, ila watoto wawili hutosha barabara. Kulwa alikaa kulia, nami kushoto. Hatukujua kwamba kila mmoja wetu alikuwa amekalia betri yake.

Hapana budi nieleze kidogo. Magari mengi tuyaonayo barabarani yana betri moja ya volti 12 chini ya boneti. MGB za miaka ile hazikuwa hivyo. Waliozitengeneza huko Abingdon waliweka betri mbili za volti 6, zikaunganishwa moja baada ya nyingine ili zitoe volti 12. Kila moja ilikaa katika kisanduku chake kilichoning'inia chini ya sakafu, moja upande huu wa shafti na nyingine upande ule, nyuma ya viti vya mbele. Juu yake kulikuwa na kifuniko cha bati, juu ya bati zulia, na juu ya zulia kiti cha watoto. Nia yao haikuwa mbaya. Gari la mwendo kasi linataka uzito ukae chini na katikati, lisije likaterereka kwenye kona. Lakini kitu kilichofichwa namna hiyo husahaulika. Maji yake hukauka pasipo mtu kuyatazama, kisanduku huoza kwa matope ya barabarani, na betri moja ikifa, ile nzima haina tena msaada.

Mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño kuzichimbua barabara zetu, betri moja ilikufa. Baba alihangaika asipate za kimo kile, mwishowe akapata mbili za volti 6 zilizokuwa ndefu kidogo kuliko zile za asili. Zikaingia, kifuniko kikafungika. Kati ya vichwa vya betri na lile bati ilibaki nafasi ambayo nadhani kidole kisingepita.

Jumapili moja tulikuwa tukienda Lamadi, watu wanne. Wakati huo Bariadi ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, kwani Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na barabara ile ilikuwa ya vumbi na makorongo. Tulipovuka korongo moja gari likaruka, nasi pacha tukaruka, tukarudi juu ya kiti kwa uzito wetu wote. Bati likabonyea likagusa kichwa cha betri. Katika gari lile kebo kubwa iliyotoka kwenye betri kwenda kwenye stata haikuwa na fyuzi hata moja njiani. Fyuzi zilikuwa mbili tu katika gari zima, nazo zilikuwa mbele, zikilinda honi, waipa na vitu vidogo vya namna hiyo. Basi umeme wote wa betri ukapita katika lile bati.

Ninachokumbuka ni joto, halafu harufu ya mpira unaoungua, halafu kilio cha Kulwa. Baba alisimamisha gari, akatutoa kwa kutuvuta mikono, akang'oa kiti na zulia, akajizungushia mkononi kitenge alichokivua mama kiunoni, akaing'oa kebo. Pampu ya petroli ya gari lile, nalo ni jambo nililolielewa ukubwani, iko papo hapo nyuma, karibu na gurudumu la kulia. Kulwa alipata malengelenge pajani. Baba alibaki na kovu katika kiganja cha kulia ambalo hulificha akisalimiana na watu.

Mama hakulia wala hakugomba. Alituchukua, tukarudi Bariadi kwa lori la pamba. Jioni, baba alipofika akiwa amevutwa na trekta, mama alimwambia neno moja tu: "Baba Kulwa, ihamishe hiyo betri."

Baba akamjibu kwamba Waingereza waliiweka pale kwa hesabu.

"Basi hesabu yao haikuwahesabu wanangu," mama akasema.

Betri haikuhamishwa. Baba alitafuta nyingine fupi, akatandika kipande cha mpira wa tairi juu yake, akaona yamekwisha. Kwake hayo yalikuwa marekebisho ya kutosha, na kwa upande wa ufundi sithubutu kusema alikosea. Kwa mama hayakuwa kitu. Tangu siku ile aliyepanda gari lile alikuwa baba peke yake, hata betri za volti 6 zilipokosekana kabisa, akaliegesha chini ya mkwaju, na kuku wakapata mahali pa kutagia.

Likizo yangu ya mwaka jana nilimkuta baba amekonda na macho yake yamefifia. Haendeshi tena. Kila jioni hutoa kiti nje akakaa kulielekea gari. Nikampigia simu Kulwa, ambaye ameolewa Lamadi, nikamwambia nataka kuliamsha. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mtaihamisha?"

Nilitafuta fundi wa umeme wa magari pale mjini, kijana ambaye kazi yake ya kila siku ni bajaji na Probox. Alipoinua kiti akaona vile visanduku viwili alicheka, kisha akaacha kucheka. Alichokiona ni kwamba waya uliofungwa kwenye bodi ulitoka upande wa chanya. Magari tuliyoyazoea hufunga hasi kwenye bodi, lakini MGB zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa mwaka 1967 zilifunga chanya. Mtu akilibusti gari kama hilo kwa mazoea, bodi kwa bodi, anachoma vitu.

"Mzee," fundi alimwambia baba kwa adabu, "tukihamisha betri, tugeuze na huu mpango. Siku moja wewe hutakuwepo kumwambia mtu."

Baba alikaa kimya muda mrefu. Alitoa shauri lake kwamba betri moja ndogo ya volti 12 ingeweza kutoshea katika kisanduku cha kulia, na uzito ukabaki pale pale ulipopangwa. Shauri hilo ni la haki, wenye magari hayo wengi hufanya hivyo. Lakini kisanduku cha kulia ndicho kilichokuwa chini ya Kulwa. Nilimtazama, naye akatazama kiganja chake. "Haya, ipelekeni kwenye buti," akasema.

Kazi ilituchukua siku nne, na siku ya kwanza ilipotea bure. Fundi alivuta waya wa milimita 10 za mraba kutoka kwenye buti hadi kwenye stata, mwendo wa karibu mita 4. Tulipowasha, stata iliguna kama ng'ombe aliyeamshwa, ikanyamaza. Betri ilikuwa mpya na imejaa, volti 12.6. Aliyekuwa mwembamba ni waya. Stata inapozungusha injini hula ampea 150 au zaidi, na shaba ya unene ule, kwa urefu ule, hula volti 1 nzima njiani kabla umeme haujafika. Tukaenda kwa wachomelea vyuma, tukanunua kebo yao ya milimita 35 za mraba. Hiyo hupoteza volti 0.3 tu. Injini ikazunguka vizuri, ingawa haikuwaka hadi kesho yake, kwa sababu kuku walikuwa wameacha manyoya hata ndani ya kabureta.

Njia ya kebo ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko yote. Fundi alitaka kuipitisha katika tundu la sakafu palipo wazi. Nikakataa, nikamweleza juu ya mwaka 1998. Hakukasirika. Alikata mpira, akauvisha kila tundu ili makali ya bati yasiile kebo, akaifunga kwa vibanio kila baada ya shibiri moja, mbali na ekzosi na mbali na bomba la petroli. Karibu kabisa na betri tukaweka fyuzi kubwa ya ampea 250, ambayo tuliipata kwa mwenye gari la matangazo, maana vipaza sauti vyake hutumia za aina hiyo, na pembeni yake swichi kuu ya kukata umeme wote, kama zile ambazo magari ya mashindano hulazimika kuwa nazo.

Kuna jambo jingine ambalo baba ndiye aliyelikumbuka. Betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo cheche ndogo huweza kuilipua. Zamani betri zilikuwa chini ya sakafu, zikipigwa na upepo. Sasa ingekaa ndani, kwa sababu buti la GT halina ukuta kati yake na abiria. Hivyo tulilitengenezea sanduku la chuma lenye mfuniko, likakazwa sakafuni kwa bolti nne, na bomba la mpira likapelekwa nje. Kilo 15 hizo zikirushwa kichwani kwa mtu wakati gari limepinduka, mambo ya volti hayatakuwa na maana tena.

Kuugeuza umeme kulikuwa kwepesi kuliko nilivyodhani. Nyaya mbili za koili zilibadilishana mahali. Dainamo ikaguswa kwa waya wa betri kwa nukta moja ili sumaku yake igeuke. Saa ya mizunguko ya injini haikukubali mpango huo mpya, basi tukaitenganisha. Redio ilikuwa imekufa zamani. Kwenye boneti fundi aliandika kwa rangi nyeupe: HASI KWENYE BODI. Baba aliona maandishi yale yameharibu sura ya gari, nami naafiki, lakini yatabaki.

Jumamosi asubuhi injini ilipokuwa ikinguruma, mama alitoka jikoni akijifuta mikono. Alilizunguka gari mara moja. Akafungua mlango, akainua mwenyewe kiti cha nyuma, akafunua zulia, akaondoa bati. Visanduku vyote viwili vilikuwa vitupu, vimepakwa rangi. Aliingiza mkono katika kila kimoja, kama mtu anayetafuta yai.

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha sanduku kwenye buti.

"Na waya unapita wapi?"

Nikalala chini, nikamwonyesha kwa tochi kibanio kimoja kimoja hadi mbele. Aliinama akatazama kote, akiwa amejishika magoti. Aliuliza lile swichi jekundu ni la nini, akalizima, injini ikafa. Akaliwasha tena.

"Funika," akasema.

Akaingia ndani kuchukua kitenge cha safari na mfuko wa viazi vitamu wa Kulwa. Hapo ndipo lilipozuka jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Viti vya mbele ni viwili, nami ndiye dereva. Nilimwambia baba kwamba nitampeleka mama Lamadi kwanza, kisha nirudi kumchukua. Akatikisa kichwa. Akanipa fimbo yake niishike, akavua kofia, akakunja magoti yale marefu na kujipenyeza nyuma, upande wa kulia, akakaa kiupande huku kichwa chake kikigusa dari.

Mama alimtazama, akavuta kiti chake mbele kadiri kilivyoweza kwenda, ili ampatie nafasi ya miguu.

"Baba Kulwa, umekaa vizuri?"

"Nimekaa," baba akasema. "Twendeni."