Buibui wa Mto Wharfe

Ukipanda basi kutoka Skipton kwenda Grassington, kaskazini mwa Uingereza, unaiona nchi ya kondoo na kuta za mawe. Katikati ya bonde unapita Mto Wharfe, maji yake rangi ya chai isiyo na maziwa. Humo wamo trauti, samaki wenye macho makali.

Wenyeji huwavua kwa chambo cha unyoya wanachokiita buibui. Kwa kweli hakiigi buibui. Huiga kijidudu cha majini kinachopanda kutoka chini ya mto ili kipate mabawa. Mwaka 1885 bwana mmoja, T. E. Pritt, alikusanya vyambo vya mito hii katika kitabu, na kile cha unyoya wa kwale na hariri ya rangi ya chungwa kingali kinafungwa hadi leo.

Mama aliyenikaribisha alikuwa akimfundisha binti yake kukifunga. Vidole vya mama vimeanza kukakamaa kwa baridi yabisi, na katika nyumba ile hakuna mwingine ajuaye.

Ndoana hubanwa kwenye jiliwa. Uzi wa hariri hupakwa nta, kisha huzungushwa kutoka karibu na tundu la ndoana kwenda nyuma, kila mzunguko ukilala kando ya mwenzake bila kupandana. Unapofika usawa wa ncha, unarudi mbele. Mwili ni huo tu! Hariri ikilowa huiva, ikawa kahawia nyekundu kama kijidudu chenyewe.

Kazi ngumu ni unyoya. Chagua mdogo wenye madoadoa, ambao nyuzi zake hazizidi sana urefu wa ndoana. Ng'oa sufi ya shinani, zipapase nyuzi zisimame, uufunge kwa ncha yake nyembamba, nyuma kidogo ya tundu. Acha nafasi ya kichwa; wengi huisahau, wakaishia kuziba tundu kwa uzi. Halafu zungusha mara mbili.

Binti alizungusha mara nne. Kilipendeza, nami nilikisifu. Mama akaufungua unyoya bila neno. Nyuzi zikiwa nyingi husongamana, chambo kikawa kama ufagio. Zikiwa chache, mkondo huzichezesha na samaki hudhani kitu ki hai.

Sisi wa Afrika Mashariki si wageni wa mambo haya. Trauti walipandwa katika Mto Gura, Kenya, mwaka 1905, na huko Kenya wako akina mama wanaofunga vyambo vya kuuzwa ng'ambo, wakalipia karo kwa mikono hiyo hiyo inayosonga ugali.

Cha tatu cha binti kilikuwa chembamba hata nikadhani hakijakwisha. Mama alikitumbukiza katika glasi ya maji, akakivuta taratibu kwa uzi. Nyuzi zikalala, zikafunguka, zikalala tena. Akamsogezea binti ndoana nyingine.