Mizani ya Alama za Biashara

Sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi niliitumia katika kulinganisha alama za biashara, nikiwa karani wa mawakili mjini Nairobi na mkaazi wa Kambi Muru, Kibera, ambako majirani walidhani kuwa kazi yangu ni kubandika lebo kwenye chupa. Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, iliyoanza kutumika mwaka 1957, humzuia Msajili kuandikisha alama iliyokaribiana na nyingine iliyotangulia hata watu wakaweza kughurika, maadamu bidhaa ni zile zile au za sifa moja. Na mizani ya kupimia ukaribu huo tuliirithi kwa Jaji Parker wa Uingereza, aliyeagiza, katika shauri la Pianotist la mwaka 1906, kwamba majina yapimwe kwa sura na kwa sauti, bidhaa ziangaliwe, na atazamwe mnunuzi ni mtu wa namna gani.

Mnunuzi huyo nilimfahamu vyema. Ni mtoto aliyetumwa sabuni ya unga ya shilingi kumi, akapaza jina nusu kupitia wavu wa kioski, na mwenye duka akampa pakiti pasipo yeyote kuisoma. Ndipo nilipotambua kwa nini Aristoc na Rysta, majina ya soksi ndefu za kike, ambayo yakiandikwa hayashabihiani, yalionekana katika hukumu ya London ya mwaka 1945 kuwa yamekaribiana mno: sikio husahau upesi kuliko jicho.

Amma kuhusu bidhaa, Jaji Romer, katika shauri la Jellinek la mwaka 1946, alipima asili yake, matumizi yake na njia inayopitia kumfikia mnunuzi, akaamua kuwa viatu na rangi ya viatu si bidhaa za sifa moja. Lakini Kawangware, kando ya barabara ya Naivasha, fundi huyo huyo hushona soli, huuza viatu vya mitumba na kopo la rangi juu ya gunia moja. Nilipoyaandika hayo katika pingamizi, wakili aliniuliza, "Ushahidi uko wapi, mzee?" Tangu hapo nikawa nachukua viapo vya wenye vibanda, pamoja na picha za rafu zao, kwa kuwa madaraja 45 ya bidhaa na huduma yaliwekwa kwa ajili ya kupanga daftari, wala hayathibitishi peke yake kufanana wala kutofanana.