Rehani Si Kuuza

Kuacha kitu chako kwa mwenye pesa kuna maneno matatu. Rehani tulilipata kwa Waarabu, na ndilo la vitabuni na benki. Poni limetoka kwenye Kiingereza. Kamusi bado inalo, ila mtaani sijalisikia miaka mingi. Vijana wa Dar es Salaam husema bondi: simu iko bondi, redio iko bondi. Nimeshaona hata kitambulisho kikiwekwa bondi kwa sahani ya chipsi.

Kwetu lilikuwa rehani, kwa sababu ya cherehani. Mama alikuwa fundi nguo, na kila Januari, ada ikifika, cherehani yake ilikwenda kwa mkopeshaji wa mtaani. Tulitania kwamba hata jina lake lina rehani ndani. Mwenye nyumba akiiweka rehani benki, inayokwenda ni hati. Yeye analala chumbani mwake kama jana. Mama alikabidhi chombo chenyewe, kilekile ambacho kingempatia pesa ya kukikomboa. Usiku alishonea cherehani ya jirani, wakigawana malipo.

Mwaka niliokuwa kidato cha pili, mkopeshaji alileta fomu mpya zilizochapwa. Nikamsomea Mama. Juu paliandikwa "Mkataba wa Mauziano". Kwa karatasi ile, Mama alikuwa ameuza cherehani yake kwa kiasi cha mkopo, basi.

"Mama, ni utaratibu tu," alisema yule bwana. "Kila mtu anasaini."

Ujanja huu una umri. Zanzibar ya mikarafuu ilikuwa na bei khiyari: mwenye shamba "analiuza" kwa mkopeshaji, akibaki na haki ya kulirudisha, kisha analikodi shamba lake mwenyewe. Kodi ile ndiyo riba iliyobadilishwa jina, maana riba ni haramu na biashara ni halali. Madeni yalitapakaa hadi mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kuzuia ardhi isihamishwe ovyo.

Rehani yenyewe haina aibu. Waislamu wanaijua hadithi ya Mtume (S.A.W.), kwamba alifariki deraa yake ikiwa rehani kwa Myahudi, kwa ajili ya shayiri ya kulisha nyumba yake. Deraa ile haikuwa imeuzwa. Neno limebeba ahadi ya kurudi, ndiyo maana kitenzi chake ni kukomboa, kilekile tulichokitumia kwa nchi zetu.

Mama hakusema lolote kati ya haya. Aliomba kalamu yangu, akalikata neno "Mauziano", akaandika juu yake REHANI kwa herufi kubwa, na chini: nitaikomboa Mei. Yule bwana alikunja uso. Kwa karatasi hiyo, alisema, anatoa nusu tu.

Mama akachukua nusu. Ada iliyobaki tulilipa kidogo kidogo, na muhula ule nilirudishwa nyumbani mara mbili.