Nyumba ya Majivu



Wakubwa wangu wa parokia walinituma kukaa karibu na kapela moja upande wa njia ya Kasenga, mbali na mji wa Lubumbashi. Kwa miaka minane tulikuwa tumekaa mjini, mimi, bibi yangu na watoto wetu watatu, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba vinne. Nyumba ya katekista kule kapelani ni ya matofali ya udongo wa kichuguu, na malata juu. Urefu wake ni meta 5, upana wake meta 4. Ina vyumba viwili tu, na jiko liko nje. Mlango una upana wa sentimeta 80. Niliupima mwenyewe kwa kamba.

Niliporudi nikamwambia bibi yangu: “Tutapunguza vitu.” Kusema ni rahisi. Siku ya pili nikachukua majivu ya jikoni, nikaichora nyumba ile uani kwetu: kuta nne, ukuta wa katikati, na mahali pa mlango. Kisha tukaanza kutoa vitu nje na kuvipanga ndani ya mistari. Watoto walicheka sana, wakipita katikati ya kuta. Majirani nao wakaja kutazama.

Ndipo nilipofahamu. Kitanda chetu peke yake kilikula nusu ya chumba. Kabati halikuweza kupita mlangoni. Viti vinne vya barazani, vile vya mito, vilijaza chumba cha pili hata pasibaki mahali pa kukanyaga. Tulihesabu sahani, tukapata 41, nasi tu watu watano. Tukaona tena redio iliyokufa zamani, mwavuli bila nguo, basikeli bila gurudumu, na kiatu kimoja ambacho mwenzake hakuna ajuaye alikokwenda.

Tukafanya mafungu matatu: la kwenda nalo, la kuuza, na la kutoa. Lakini kabla ya adhuhuri fungu la nne lilikuwa limeota lenyewe, nalo likapita mengine yote kwa ukubwa. Tulipokosa shauri juu ya kitu tulisema “tutaona”, tukakiweka pale. Bibi yangu akalitazama, akasema: “Hili la tutaona ndilo lililotujazia nyumba miaka minane.” Alisema kweli. Kabati na viti tukaviuza. Seremala akaviunga vitanda viwili vya watoto, kimoja juu ya kingine.

Yakabaki masufuria sita makubwa, ambayo bibi yangu aliyapata kwa marehemu mama yake. Nikamwambia: “Mama watoto, haya ni ya nini? Je, utapika bukari ya watu mia?” Hakujibu. Basi nikaanza kumhubiri. Nikamweleza habari za Mtakatifu Charles de Foucauld, yule Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1858 katika jamaa ya matajiri, akayatapanya mali yake katika ujana, kisha akaenda kukaa jangwani. Mwaka 1905 alijijengea nyumba kule Tamanrasset, katika nchi ya Aljeria. Urefu wake ulikuwa meta 6, na upana wake haukufika meta 2. Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2022.

Bibi yangu alisikiliza hata mwisho, akasema kwa upole: “Baba watoto, mtakatifu huyo hakuwa na bibi wala watoto. Na sanduku chini ya kitanda, alikuwa nalo?”

Nikanyamaza. Sanduku hilo lilikuwa langu, wala sikulileta uani. Ndani yake niliweka madaftari yangu ya seminari na kanzu yangu. Niliacha seminari kwa amani, wakubwa wakinibariki, nikaoa, nami sijuti. Walakini moyo haukutoka wote. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nikiihifadhi kanzu ile, wala sikumwambia mtu kwa nini. Mwenyewe sikujua.

Tukalivuta sanduku nje, tukalifungua. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka chini, wameyala madaftari yote. Falsafa ya miaka mitatu ilikuwa udongo mtupu. Kanzu ilipona, kwa kuwa ilifungwa katika mfuko wa plastiki.

Nikaketi juu ya ukuta wangu wa majivu. Masufuria niliyotaka kuyatupa yalitoka nyumbani kila palipokuwa na kilio mtaani, yakawalisha wafiwa, yakarudi yameoshwa. Sanduku langu halikumlisha mtu, ila mchwa. Nami nimezoea kuwafundisha wengine habari ya kibanzi na boriti!

Bibi yangu aliyakabidhi masufuria kwa akina mama wa jumuia yetu, wayatunze kwa ajili ya vilio na arusi. Alilia kidogo, nami sikuhubiri tena. Kanzu nilimpelekea Padri, kwa ajili ya kijana mmoja wa jamaa maskini aliyekuwa akienda kuanza teolojia. Ilikuwa ndefu kwake, bibi yangu akaikunja chini vidole vitatu na kuishona kwa mkono. Kijana hajui ilikuwa ya nani.

Tulihama mwezi wa kumi, mbele ya mvua. Sitawadanganya: mvua inaponyesha, na sisi watano tumo ndani, watoto hugombana na kelele ya malata hushinda sauti zetu. Wageni huketi chini ya mwembe. Lakini kufagia ni kazi ya kitambo kidogo, na hasira haina chumba cha kulala. Tukikosana jioni, sherti tupatane mbele ya kuzima taa.

Sisemi kwamba nyumba ndogo ni utakatifu. Wako wengi wanaobanwa humo kwa umaskini. Hao si wa kuhubiriwa, ni wa kusaidiwa. Nasema na wewe uliye na kabati lililojaa. Kutoa ni moyo, si utajiri. Chukua majivu, uchore nyumba uani, upange vitu vyako ndani. Na mbele ya kuhesabu vya mwenzio, anza na kile kilicho chini ya kitanda chako.